Shikamoo Kutoka Kwenye Seva

Chekeni tu, maana aibu niliyojipatia pale lojini Mikumi ningeificha kama nusu ya Kilosa wasingekuwa wanaijua tayari. Nilikuwa fundi wa kompyuta, mwezi wa mwisho wa majaribio, roho yote iko kwenye mkataba. Meneja wetu, mtu mzima wa malezi ya misheni, akaniomba kitu kidogo: kila barua pepe inayotoka ofisini, ikipita kwenye seva, ibandikwe chini jina la mtumaji, cheo na namba ya simu. Basi.

Lakini mimi, mjuaji kuliko kazi niliyopewa, nikaona barua zetu zinatoka kavukavu bila adabu, nikaongeza juu neno moja: "Shikamoo." Nikaijaribu kwa kumwandikia meneja mwenyewe (yaani kati ya watu wote duniani nikamchagua yule ambaye salamu hiyo ni haki yake), akanijibu, "Marahaba kijana, kazi nzuri," nikalala usingizi wa mtu aliyeajiriwa.

Kesho yake meneja akawaandikia watu wake, na mnajua kwetu mkubwa akikupa shikamoo hakusalimii, anakusuta kwamba huna adabu. Binti anayetuletea nyanya kutoka Dumila akapiga simu analia. Mkwe wa meneja, mwalimu huko Chanzuru, aliyeandikiwa tu kuulizwa kama mjukuu amepona homa, yeye hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, kafuatana na baba yake mdogo na mbuzi wa kuombea radhi, wakaingia mapokezi wageni wanakunywa chai.

"Baba, nimekosa nini?" mkwe akauliza, kapiga magoti.

Meneja akanigeukia. "Waeleze."

Nikaeleza seva, kichujio, barua inavyopita humo, mpaka baba mdogo akanikatiza. "Kwa hiyo ni mashine ndiyo imemwamkia?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mashine ilitumwa na nani?"

Mbuzi akalia (ahsante, mbuzi). Nikasema ni mimi.

Masikio yalinichemka kwa aibu, hasa kwa kuwa meneja hakufoka; alimwinua mkwe wake taratibu. Mkataba? Alisema tutazungumza. Hatujazungumza. Siku hizi natengeneza simu stendi ya Kilosa, na mtu akiniambia badilisha kioo, nabadilisha kioo.