Frii Kwenye Mteremko wa Chania

Mtu akikuambia kujifunza udereva ukiwa na miaka hamsini na kitu ni jambo rahisi, mwambie aje Nyeri mwezi wa Julai. Akamue ng'ombe kwanza, apeleke maziwa barabarani kwenye ukungu, ampikie mgonjwa uji, ndipo aende akapange foleni ya kushika usukani. Mimi nilichoka. Nasema mapema, maana wakati ule sikumwambia mtu yeyote.

Mgonjwa mwenyewe ni mume wangu. Presha ya macho ilimwingia polepole, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia, na tulipofika kwa daktari tukaambiwa kilichokwenda kimekwenda. Maisha yake yote alikuwa dereva wa pikapu yake mwenyewe, akibeba kabeji za Kieni kupeleka Kagio na Sagana. Sasa pikapu ilikuwa imesimama kando ya zizi. Kila asubuhi alipapasa ukuta mpaka akaifikia, akafungua mlango wa dereva, akaketi, akashika usukani. Alikaa hapo mpaka jua likatoka.

Watoto wetu wako mbali, na kila mmoja ana yake yanayomlemea. Basi nikamwambia, "Mzee, wacha mimi nijifunze kuendesha." Alicheka, kicheko kibaya. Halafu akaniambia kuna mtu wa Kagio anayeitaka ile pikapu, na atakuja kuichukua Jumamosi ya wiki nitakayofanya mtihani.

"Ukipita, haiendi. Ukianguka, iende. Gari ikisimama inaoza, na mimi siwezi kukaa hapa nikisikia ikioza."

Akishaamua, ameamua. Lakini nilijua pikapu ikitoka kwenye lile lango, yeye hatakuwa na pa kwenda asubuhi. Angebaki kitandani akageukia ukuta. Nimeona wazee wakienda hivyo, bila ugonjwa wowote, na niliogopa sana.

Shule ya udereva ilikuwa na gari moja dogo. Tulipakiwa wote humo: mmoja anaendesha, wengine tumebanwa nyuma tukingoja zamu. Wenzangu walikuwa vijana watupu, na waliniita mathe, yaani mama. "Mathe, achilia klachi pole pole!" "Mathe, haki utatumaliza!" Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kangema, mkali, aliyetafuna njugu kutwa nzima. "Mama, hiyo gia si jembe," alinikaripia. "Ishike kama kikombe ya chai." Gari likinizimikia kwenye kilima, magari yaliyo nyuma yanapiga honi, jasho linanitoka na baridi yote ile. Nilirudi nyumbani, na ng'ombe wanangoja.

Jioni kulikuwa na mazoezi ya mji wa ubao. Mtihani wetu huanzia hapo: unasimamishwa mbele ya ubao mpana uliochorwa mji mzima, barabara, raundabauti, reli, mahali pa watoto wa shule kuvuka. Unapewa kigari cha kuchezea, unaambiwa kitoe hapa ukipeleke pale, na kila unachofanya ukitaje kwa sauti. Watu wazima na ndevu zao huangushwa na kigari cha plastiki. Ukipita hapo ndipo unaingia barabarani na gari lenyewe.

Kwa hiyo nilijenga mji wangu juu ya meza ya jikoni. Barabara nilizipanga kwa maharagwe, raundabauti ikawa sahani iliyofunikwa, gari likawa kiberiti. Mume wangu aliusoma ule mji kwa vidole mpaka akaujua wote. Nikisukuma kiberiti, anaweka mkono wake juu ya wangu. "Hapo umeingilia mtu. Rudi. Indiketa je? Umesahau indiketa." Ilikuwa mara ya kwanza tangu apofuke kumsikia akiongea mfululizo. Jioni moja usingizi ulinishinda, kichwa kikaangukia maharagwe. Akanigusa bega.

"Ati umelala ndani ya raundabauti?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Sasa ngoja nieleze jambo la mteremko, maana ndilo lililoniponza. Ile pikapu ina kelele. Injini yake ikifanya kazi huwezi kusikia hata wazo lako. Huku kwetu barabara ni kupanda na kushuka tu, na madereva wetu wa zamani walikuwa na mazoea yao: gari likifika ukingoni mwa kilima, linawekwa frii, gia isishike kitu, lijiendee lenyewe. Mume wangu alikuwa akisema, "Mteremko ni ya Mungu, mafuta ni yangu." Ni hatari, najua. Mwalimu wa Kangema alitueleza kwa ukali kwamba gari lililo frii mteremkoni halina bwana, na mtahini akikuona ukifanya hivyo umeanguka papo hapo.

Lakini miaka yote niliyomsindikiza sokoni, kazi ya kuweka frii ilikuwa yangu. Akifika ukingoni anasema, "Haya." Anakanyaga klachi, mimi nikiwa kushoto nanyoosha mkono naichomoa gia. Kelele zinakufa. Upepo tu, na sauti zetu. Ni kwenye miteremko ndiko tulikozungumza. Mazungumzo ya nyumbani yalikuwa na watoto, mama mkwe na majirani, ya barabarani yalikuwa na injini. Mteremkoni nilimwambia nina mimba ya kwanza. Mteremkoni aliniambia baba yake amekufa, maana hakuweza kuniambia mbele ya watu. Ukifika darajani anarudisha gia, kelele zinaanza, mazungumzo yamekwisha mpaka kilima kingine.

Alfajiri ya mtihani ng'ombe mmoja naye akachagua kuzaa. Nikamshughulikia, nikaoga maji baridi, nikafika mjini sijala. Mtahini alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mrefu, mpole wa sauti. Kwenye ubao sikukosea hata kidogo. Niliona maharagwe yangu kila mahali, nikahisi ule mkono juu ya mkono wangu. "Mama, umejitayarisha," akasema. Nikaanza kutumaini. Jamani, matumaini nayo huchosha.

Tukaingia garini, yeye kushoto, mimi kulia. Niliondoka vizuri. Nikapanda kilima, nikasimama katikati yake alivyoniagiza, nikaondoka tena bila gari kurudi nyuma hata hatua moja. Kazi ngumu ikawa imekwisha. Tukaanza kuteremka kuelekea mto Chania, jua limetoka, ndani mna joto, na pembeni yangu ameketi mwanamume aliyenyamaza. Uchovu wote ukanishukia kwa pamoja. Mguu ukakanyaga klachi. Mkono ukaichomoa gia.

Gari likanyamaza. Nikafungua mdomo.

"Mzee," nikasema.

"Mama, umesema?" mtahini akaniuliza. Kisha akatazama gia, akanitazama mimi. "Mama, gari iko frii."

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Nilirudisha gia, nikavuka daraja, nikaendesha mpaka mwisho macho yakiwa yamejaa machozi. Aliniambia kwa upole kwamba hana la kufanya, na kwamba ninaweza kurudia. Mwalimu wa Kangema hakunikaripia. Alinipa njugu zilizobaki, na hilo ndilo lililoniliza kabisa.

Njia nzima nilipanga maneno. Nilifika langoni sijapata hata moja. Nikatazama pikapu, na mume wangu alikuwa ndani. Amenyoa ndevu, amevaa koti la kanisani na kofia yake. Alikuwa ameketi upande wa kushoto. Kiti cha dereva kilikuwa wazi.

Nilisimama pale nikitamani ardhi inimeze. Halafu nikafungua mlango, nikaketi nyuma ya usukani, nikafunga.

"Nimeanguka," nikasema.

"Kwa ubao?" akauliza.

"Ubao nimepita. Ni mteremko wa Chania. Niliweka frii."

Nilingoja anitukane, au acheke kile kicheko chake. Mikono yake ilikuwa magotini, vidole vikitembea kama vinavyotembea juu ya maharagwe. Kisha akageuza uso kwangu.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Sikuwa nimemweleza kwamba nilimwita. Nililia hapo, makamasi na yote, mwanamke mzima.

"Nilitaka kukuambia nimechoka," nikasema. "Nimechoka, mzee. Ng'ombe, maziwa, gari, wewe. Nimechoka sana."

"Pole," akasema. Baadaye akauliza, "Basi tuuze?"

"Sijasema tuuze! Nimesema nimechoka."

Alitoa simu mfukoni, akanipa nimtafutie namba ya yule mtu wa Kagio. Nikaipata, nikaipiga, nikamrudishia simu.

"Usikuje Jumamosi," akamwambia. "Hapana, haiuzwi. Dereva wangu anarudia mtihani."

Akairudisha simu mfukoni. Nikashika mlango nishuke, maana ndama alikuwa analia na jua lilikuwa linaelekea kutua.

"Keti kidogo," akasema. "Ng'ombe watangoja."

Nikaketi. Gari lilikuwa kimya, yeye kushoto na mimi kulia, tukaanza kuzungumza.