Kiboksi cha Mama Neema

Juzi nilikuwa ofisi ya usharika, Kikatiti, nikimsubiri mchungaji. Mezani, dada mmoja alikuwa anaweka picha za zamani za usharika kwenye mtandao. Kila uso anauchorea kiboksi na kuuandikia jina. Jina hilo, alisema, linaiunganisha picha na nyingine zote za mtu huyo, hata zilizowekwa na wengine, ili mjukuu akitafuta, popote alipo, azikute.

Pembeni walikaa bibi wawili walioitwa kutambua sura. Picha ilikuwa ya akina mama wakichuma kahawa.

"Huyu ni Mama Neema," alisema wa kwanza, kidole kikigusa kioo cha kompyuta.

"Bibi, akina Mama Neema ni wengi mno. Jina lake mwenyewe?"

Kidole kikabaki pale pale. "Tumechuma naye kahawa mpaka uzeeni, mwanangu. Ni Mama Neema."

Dada akampigia simu Neema mwenyewe, binti wa yule mama, hapatikani. Akamgeukia bibi wa pili, aliyekuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Lilisomwa siku ya mazishi," alisema bibi. "Lakini mimi nilikuwa nalia."

Kiboksi kikaachwa kitupu. Kwetu, kumwita mama mzima kwa jina lake ni kumkosea adabu, na kompyuta haijui adabu.

Nilirudi nyumbani, Daraja Mbili, nimeazimia kubadilika. Nikiwa mlangoni nikamwita mke wangu kwa jina lake la ubatizo, pamoja na la baba yake. Akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Nani amefariki?"