Mawe Mawili ya Shinkolobwe

Mwanzoni kifaa kilitoa tiki za hapa na pale, kama inavyotakiwa. Kisha, nilipokibeba kupita mbele ya kabati la sebuleni, tiki zikashikana zikawa mlio mmoja mkavu, kama karanga zinazopasuka kikaangoni. Nilirudi nyuma, mlio ukapungua. Nikasogea, ukarudi. Nilidhani betri zina kasoro, nikazibadilisha. Nilidhani ni ukuta, kwa kuwa nyumba yetu ya mtaa wa Kikula, mjini Likasi, kama nyumba nyingi za huko, ilijengwa kwa matofali ya udongo wa papo hapo. Nikaupima ukuta. Ulikuwa kimya. Lililokuwa likilia ni jiwe la baba.

Kifaa hicho cha kupimia mionzi kilikuwa cha chuo kikuu. Nilikiazima Lubumbashi kwa ajili ya tasnifu yangu, iliyohusu mabaki yanayotupwa baada ya shaba kuyeyushwa, na nilikusudia kukipeleka Shituru, kwenye vilima vyeusi vya kando ya kiwanda. Sebuleni nilikiwasha tu kuhakikisha kwamba treni haikukiharibu.

Jiwe lilikaa juu ya kitambaa alichokifuma marehemu mama, kando ya picha yao ya harusi. Lilikuwa jeusi, na juu yake ulitambaa ukoko wa manjano kama kiini cha yai. Baba alifanya kazi Shinkolobwe kabla mgodi huo wa urani haujafungwa, akatoka na mawe mawili, moja kwa kila binti, ili siku ya kuolewa asiende kwa watu mikono mitupu. Mdogo wangu alikwenda na lake Kolwezi, alikoolewa na karani wa reli. Langu lilibaki kabatini, na baba hakuacha kunikumbusha.

“Jiwe yako inangojea bwana,” alikuwa akisema mbele ya wageni. “Yeye anangojea diplôme.”

Wageni walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimefundishwa darasani jina la madini yale, rangi yake, ugumu wake, hata namna yanavyong'aa yakivunjwa. Ningeyatambua kwenye trei ya maabara nikiwa nusu usingizini. Kabatini sikuyatambua, kwa sababu kabatini hayakuwa madini, yalikuwa sehemu ya nyumba.

Sitafuti udhuru, ingawa mji wetu ungenipa udhuru bila taabu. Likasi ilizaliwa na jiwe. Wenyeji wa Katanga na watu wa Kasai, walioletwa zamani kwa ajili ya migodi, waligombania mengi, lakini waliamshwa na king'ora kimoja. Kampuni ilitoa nyumba, unga, shule na hospitali, nasi tukajifunza adabu ya mtu anayelishwa, ya kutouliza kilichomo chunguni. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake zuri. La kijani lilizuia mlango, la buluu lilikandamiza kifuniko cha mtungi wa munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi.

Lakini mlio ule ulinikumbusha Pasaka. Nilikuwa Kolwezi kumwona mtoto wa mdogo wangu, mchanga bado, na jiwe lilikuwa kwenye rafu, juu kidogo ya kichwa chake. “Akilia, ninamuonyesha ile rangi, ananyamaza,” mdogo wangu aliniambia. Nililisifu. Nilisema limepata mahali pazuri.

Nilimweleza baba siku hiyo hiyo. Alinisikiliza huku akikitazama kifaa kama mgeni asiye na adabu.

“Unapima nyumba yangu sawa vile banapimaka kiwanja?”

“Baba, jiwe hili linatoa kitu kisichoonekana. Kwa mtoto mchanga ni hatari zaidi.”

“Ile shimo ilikula nguvu yangu. Miye pia nikakula yake kidogo. Niko hapa, siko?” Kisha akapunguza sauti. “Usimuambie mudogo yako mu simu, mama. Simu iko na masikio. Jiwe ya Shinkolobwe mu nyumba ya muntu, unajua banaiita nini?”

Nilijua. Serikali iliita huo wizi wa mali ya taifa, na watu walikuwa wamefungwa kwa vipande vya shaba tu. Hata hivyo alilibeba jiwe la kabatini yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, akalizika nyuma ya migomba. Aliporudi alikaa akitazama kitambaa kitupu.

La Kolwezi likabaki. Nilikwenda posta kupiga simu, nikapanga foleni, nikaondoka kabla ya zamu yangu. Kesho yake nikarudi, nikaondoka tena. Huenda kipimo changu si sahihi, nilijiambia, nikapima upya mahali palipobaki patupu. Huenda rafu iko mbali kuliko ninavyokumbuka. Niliwaweka mizanini baba gerezani na mtoto chini ya rafu, kana kwamba kuna hesabu itakayonipa jibu lisilo na aibu. Nilipokuwa nikipima, mtoto alikuwa analala palepale.

“Citoyenne, tena weye?” akasema karani wa simu niliporudi mara ya tatu, akiniita ‘mwananchi’ kama serikali ilivyotaka. “Leo utasema, ao ulikuja kusalimia tu?”

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nilitaja ofisi ya reli ya Kolwezi. Shemeji yangu alipokea, akamtuma mtu nyumbani kumwita mkewe, kwa kuwa walikaa ng'ambo tu ya njia ya treni. Karani wa posta hakutoa kisikilizio chake sikioni.

“Yaya? Baba amekufa?” mdogo wangu aliuliza, akiniita dada mkubwa kwa namna ya kwetu.

“Hapana. Baba mzima.” Nilikuwa nimetunga sentensi ya kuzunguka, yenye bibi mgonjwa na dawa. Ilinitoka kichwani. “Jiwe la baba, lile la Shinkolobwe, lililo juu ya mtoto. Litoe nyumbani. Lina sumu. Lizike mbali.”

Karani aliinua macho.

Nilijiandaa kwa maswali, maana mimi ningeuliza mengi. Mdogo wangu hakuuliza hata moja. Nilisikia simu ikigonga meza, kisha ndala zake zikikimbia sakafuni, mlango, halafu mabehewa tu yakigongana kule nje, na shemeji akimwuliza anakimbilia nini nyumbani. Nilibaki nimeshika simu, nikisikia jinsi jambo nililolipima kwa siku kadhaa lilivyofanyika upesi.