Nimemfuta mama mkwe kwenye kompyuta

Leo asubuhi nimemfuta mama mkwe wangu, na marehemu wala hakuwa amenikosea.

Msicheke kwanza.

Mimi na shemeji yangu Zubeda tunakusanya maneno ya Kiha kwa wazee, kila neno na sauti ya aliyelisema. Yote yamo kwenye kanzidata, tunayoifungua kwenye kompyuta yake hapa mtaani Kasingirima. Mengi ni ya mama yake, na sauti ya mama yake haipo kwingine.

Leo nikaona niisafishe kompyuta. Nikakuta folda ya maneno, na nyingine ya jina hilo hilo kwenye diski ya pembeni. Mbili za nini? Nikafuta ya kwenye kompyuta.

Kufungua kanzidata, programu ikagoma: data haionekani.

Jamani, jasho! Elimu yangu yote ya darasa la nne ikanitoka.

Zubeda akaja, akatazama, akacheka.

"Shemeji, umefuta kiungo tu. Data niliihamishia kwenye diski juzi. Kiungo ni kama jirani anayemwambia mgeni, 'Hawa wamehamia Mwandiga.' Umemfukuza jirani, wenyewe wapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani alikutuma ufagie?"

Akaandika mstari mmoja, kiungo kikarudi. Akabonyeza. Mama mkwe huyo, mkali vile vile, ananikaripia nisimkatize anapotaja majina ya maharage!

Zubeda akaacha kucheka. Akaomba nimwache asikilize tena.

Diski bado ina nafasi tele. Leteni maneno ya bibi zenu, upesi, kabla sijashika ufagio tena.