Maji Chini ya Miguu Yangu

Juzi gari langu lilipochemka, kabla ya kufungua boneti nilipapasa zulia la mbele. Nilikumbuka mchana ule tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kumpeleka Shangazi kanisani mjini, Area 25, akaolewe.

Gari la Baba lilikuwa zee. Kila kilima lilichemka, naye alisimama, akaongeza maji, akachungulia uvunguni. Pakavu.

"Hii maji inaendaka wapi?" alifoka.

Mimi, niliyekaa mbele, nilijua. Yalikuwa miguuni pangu, vuguvugu, yakinukia utamu kama sharubati.

"Papa, miguu yangu imelowa."

"Umekojoa," Mama alisema. "Leo, siku ya ndoa!"

"Mi sikukojoa!"

"Nyamaza, we!"

Nilikana kila tuliposimama, hadi mwenyewe nikaanza kuamini kuwa nimekojoa. Shangazi alilia kimyakimya, gauni jeupe limekunjwa mapajani. Karibu na Kanengo aliinama mbele, akanusa.

"Kaka, huyu mtoto anakojoaka sukari?"

Baba alipapasa zulia, akanusa vidole. Kumbe hita, kipasha joto kilichomo ndani ya dashibodi, ilikuwa imetoboka, ikinimwagia maji ya injini yenye dawa ya kupoza inayonukia utamu. Alichomoa mpira uliopeleka maji kwenye hita, akauzungusha urudi injini, akaukaza kwa kipande cha tyubu alichopewa na mwendesha kabaza, mwenye baiskeli ya abiria.

"Zikomo, zikomo!" Baba alimshukuru kwa lugha yake.

Tulifika wimbo wa kwanza ukiimbwa. Hakuna aliyeniomba radhi.

Jana nilimkumbusha Mama. Alicheka sana.

"Sawa, gari ilivuja. Lakini na we ulikojoaka kidogo."