Na Hao Je?

Nikisikia harufu ya kitakasa mikono, hasira hunipanda. Inanirudisha mtaani kwetu Mfaranyaki, mwaka ambao korona ilifunga shule na mama akanikataza kwenda kwa rafiki yangu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Tuliongea kupitia ua wa mianzi tu.

Asubuhi moja gari lilikuja kupakia vyombo vyao. Baba yake alikuwa anawarudisha Tunduru. Nilikimbilia mlangoni, mama akanidaka mkono.

"Mpungie hapahapa."

"Mama, anahama."

"Ugonjwa haujali nani anahama."

Barazani kwetu, baba na wenzake walikuwa wamebanana kwenye benchi, wakipokezana kopo moja la pombe ya ulanzi. Nikawanyooshea kidole.

"Na hao je?"

"Hao ni watu wazima."

Rafiki yangu alikuwa amekaa juu ya magodoro, ananiita jina langu mpaka gari likakata kona. Hatujaonana tena.

Muda mfupi baadaye baba akaniita niwaletee kiti, kuna mgeni mwingine amefika. Sikwenda. Nilichapwa, kisha nikaambiwa niombe radhi. Sikuomba, na mpaka leo sijaomba.