Mita Iliyomkana Mama

Kazi yangu ni kuandika vijitabu kuhusu miji ya kesho. Msicheke. Kuna ofisi inayonilipa mshahara nikae mbele ya kompyuta, niandike kwamba miaka michache ijayo taa za barabarani zitajua nani anapita, friji itaagiza maziwa yenyewe, na umeme utagawiwa na mitambo yenye akili kutuzidi. Nimeyaandika hayo miaka mingi bila haya. Kisha mji wa kesho ukafika mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, ukaanza na mama yangu.

Mama anaishi katika zile nyumba kuukuu za kaunti, upande wa kuelekea Gikomba. Aliingia pale akiwa msichana wa kufunga biskuti kiwandani, akazaa pale, akastaafu pale. Baba alipofariki, sisi watoto tulimbembeleza arudi magharibi kwa watu wake. Alisema hajamaliza mambo yake Nairobi, na mambo yenyewe hakuyataja. Mimi nilikuwa nimehamia mtaa wa Fedha. Nilimtembelea Jumapili baada ya kanisa, nikala, nikasifu chai, na kufikia saa kumi jioni nilikuwa nishaaga ili nisikwame kwenye foleni ya magari.

Mtaa wake ulipochaguliwa kwa majaribio ya mita zenye akili, mama hakutaka kusikia. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimsomea kijitabu nilichokiandika mwenyewe.

"Inajifunza tabia za mwenye nyumba," nikamwambia. "Ikishakujua, inakupangia umeme vizuri."

"Inijue ya nini? Kwani inataka kunioa?"

Hata hivyo alikubali, kwa sababu aliona jina langu nyuma ya kijitabu. Mafundi wakaja, wakaibandika mita juu ya mlango, kisanduku cheupe chenye jicho la kijani. Mama akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika televisheni siku zake. Fundi akamwambia mita haifunikwi. Alipoondoka, mama akakirudisha kitambaa.

Kosa langu ni kwamba sikufikiria jambo moja. Mita itajifunza tabia gani kwa mtu asiyetumia umeme? Mama anapika kwa jiko la makaa. Anapiga pasi kwa pasi ya makaa, ile nzito yenye jogoo juu ya kifuniko. Redio yake ni ya betri. Simu anaichajia kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, na anasema huko inajaa vizuri zaidi. Na taa ya nini, wakati ile taa ndefu ya mtaa, mulika mwizi, inampigia mwanga dirishani bure tangu jua linapozama?

Kitu kimoja tu kilikula umeme nyumbani kwake: sanduku la mayai.

Mayai yenyewe yana historia. Bibi yangu, mama yake mama, alifuga kuku wa aina moja maisha yake yote, wale wenye shingo tupu na hasira nyingi. Alipokufa, kuku wakabaki kwa mama mdogo kijijini. Mwaka huu ugonjwa wa kideri ukapita na kufagia boma zima. Wakabaki matetea watatu waliotaga siku chache, kisha nao wakafa. Mama mdogo aliyafunga mayai ishirini na manne ndani ya sweta mbili, akapanda basi, akayapakata usiku kucha mpaka Nairobi. Hakuna mengine. Yakiharibika haya, kuku wa bibi wamekwisha duniani, na mama alilisema hilo kwa sauti ambayo sikuizoea.

Jirani yake wa ukuta mmoja ni mzee wa Ukambani, mchongaji wa vinyago vya watalii. Mama alimwomba amtengenezee sanduku la kuangulia mayai, lenye balbu moja ya zamani, ile ya kutoa joto. Mzee alitengeneza. Lakini mtu aliyechonga wanyama miaka hamsini hawezi kuunda sanduku tupu akalala usingizi. Sanduku lilifika likiwa limesimama juu ya miguu minne ya simba, kucha na yote, na mpini wa kifuniko ulikuwa shingo ya twiga. Mama aliliangalia kwa muda mrefu.

"Kuku wataogopa," akasema.

"Hawatajua," mzee akajibu. "Watakuwa ndani."

Balbu ikawashwa. Mama aliyatia mayai alama ya msalaba kwa penseli, akawa anayageuza mara tatu kwa siku akiyaombea. Mayai huchukua siku ishirini na moja. Siku hiyo ya ishirini na moja ingekuwa Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyo nilipokea simu yake ofisini. Mama hapigi simu ovyo, kwa hiyo nilisimama kabla hata sijapokea.

"Nisomee hii," akasema, kana kwamba ningeweza kuuona ujumbe kupitia sikio. Nikamwambia anisomee yeye. Akasoma polepole, kama msomaji wa matangazo kanisani:

"Mpendwa mteja. Mtambo wetu umetambua kwamba nyumba hii haina mkazi. Kuna kifaa kimoja kilichosahauliwa kikiwaka mchana na usiku. Ili kulinda nishati ya vizazi vijavyo, umeme utakatwa Ijumaa saa sita mchana. Ikiwa unaishi katika nyumba hii, bonyeza moja."

"Sasa umebonyeza?"

"Nimebonyeza. Imenijibu, 'Asante. Hatupokei majibu kutoka nyumba zisizo na wakazi.'"

Nilicheka. Mama hakucheka. Aliniuliza nani ameiambia hiyo mashine kwamba yeye hayupo, na nikakumbuka jina la nani liko nyuma ya kijitabu.

Jumanne saa ya chakula cha mchana nilipita kwake, tukapiga simu kwa wahudumu. Aliyepokea hakuwa mtu. Ilikuwa sauti ya kike yenye Kiswahili kilichonyooshwa vizuri, na ilimtaka mama aeleze tatizo lake kwa maneno machache. Mama hajawahi kueleza jambo kwa maneno machache. Kwanza alimsalimia, Bwana asifiwe, akamuuliza hali, watoto, na mvua huko aliko. Sauti ikasema haijaelewa. Mama akaanza upya, safari hii kwa kuulizia wazazi. Sauti ikakata.

"Huyu hakufunzwa na mtu," mama akasema, akairudisha simu mkobani.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikaenda. Mama wa saluni, anayesuka nywele mlango wa tatu, alikuwa ameshika kiuno uani akimwambia mama, "Mathe, hii kitu inasema hauko. Si tuionyeshe uko!"

Mpango ulikuwa wake, na nakiri niliuunga mkono kwa sababu kitaalamu ulikuwa na maana. Mita inatambua watu kwa matumizi. Basi tutumie. Akaleta drai mbili za nywele na wateja wake wakiwa bado na taulo kichwani. Ua mzima ukaja na pasi za umeme, birika za umeme, kikaangio kimoja, na redio kubwa ya mtu wa ghorofa. Tukachomeka waya juu ya waya. Watu wakapiga pasi nguo za kanisani, zikaisha. Wakapiga pasi shuka, mapazia, soksi, na mwishowe mchongaji akasimama kwa makini akapiga pasi kitambaa chake cha kufutia vumbi la mbao. Mama akazunguka akiwaambia wasitumie sana.

Saa tisa ujumbe ukaingia. Nikausoma mimi. "Mpendwa mteja. Tumetambua shughuli za kiwanda katika nyumba isiyo na mkazi. Mkaguzi atafika kesho asubuhi."

Mama wa saluni akachomoa drai.

"Sasa imenifanya mzimu mwenye kampuni," mama akasema.

Mkaguzi alifika Ijumaa karibu saa tano, kijana mpole mwenye koti la kung'aa na tabuleti kifuani. Alibisha hodi, akamsalimia mama kwa mikono miwili, akakubali chai. Nilianza kupumua. Alikunywa, akamshukuru, kisha akasema kwa huzuni kwamba tabuleti haimruhusu kuandika kuwa amemwona mtu.

"Lakini umeniona," mama akasema. "Umekunywa chai yangu."

"Ndio, mama. Lakini chai umeipika kwa makaa. Inataka picha ya mkazi akitumia umeme."

Nikamwonyesha sanduku la mayai. Akalizunguka, akaigusa miguu ya simba, akatikisa kichwa. Hicho ndicho kifaa kilichosahauliwa, akaeleza; kimeshaandikwa hivyo, hakiwezi tena kukumbukwa. Inatosha mama awashe taa ya sebuleni akae chini yake.

"Niwashe taa saa tano mchana?"

"Ni picha tu, mama."

"Nimelea watoto wanne katika nyumba hii na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuwasha taa mchana. Muulize huyu."

Nilithibitisha. Kwa jambo hilo niliwahi kuchapwa. Mkaguzi aliitazama saa, na mimi nikalitazama sanduku. Saa sita ikifika, balbu itazima, na mayai yamebakiza siku moja tu. Nikamsihi mama. Alikaa ameshika magoti, akitazama mbele, na niliona kwamba kwake halikuwa jambo dogo hata kidogo. Maisha yake yote alijihesabu mtu mzima kwa sababu hakufuja kitu. Sasa alitakiwa kufuja ndipo aonekane mtu. Mwishowe akainuka, akaenda ukutani, akabonyeza swichi kwa kidole kimoja, uso ameugeuzia upande.

Taa haikuwaka.

Akabonyeza tena. Nikapanda kiti, nikaigusa balbu. Ilikuwa imeungua, kioo kimeingia weusi, na juu yake vumbi lilikuwa nene kiasi cha kuandika jina.

"Iliungua lini?" nikauliza.

"Kabla ya Pasaka."

Pasaka ilikuwa imepita miezi mitano. Nikasimama pale juu ya kiti na balbu mkononi. Nilikuwa nimekuja karibu kila Jumapili katika miezi hiyo, nikakaa chini ya balbu hiyo hiyo nikimweleza kuhusu miji ya kesho, na sikuwahi kubaki mpaka giza liingie nijue kwamba haiwaki. Niliona haya.

Mchongaji alileta balbu kutoka kwake. Ikawaka. Mama akakaa chini yake mchana kweupe amejifunika leso mabegani, kama mtu aliyekamatwa, na mkaguzi akapiga picha. Tabuleti ikaikubali. Kisha ikauliza idadi ya wakazi.

"Mmoja," mama akasema.

Mkaguzi akaandika, akasubiri, akakunja uso. "Inakataa. Inasema mtu mmoja hawezi kupiga pasi namna mlivyopiga jana. Inataka angalau wawili, na namba ya kitambulisho."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Nikatoa kitambulisho changu, nikasoma namba kwa sauti. Mkaguzi akaandika haraka. Jicho la mita likabaki kijani, saa sita ikapita, na balbu ya mayai haikuzima. Mama wa saluni akapiga vigelegele huko uani. Mama alimsubiri mkaguzi aage na kuondoka.

"Umeidanganya," akasema.

"Mama, ni mashine."

"Umesema unaishi hapa na huishi. Mimi uongo sitaki katika nyumba yangu. Utampigia yule kijana simu afute, au utafanya iwe kweli."

Sikujua kama ananitania. Mama hutania bila kubadilisha uso. Lakini alikwenda chumbani, akarudi na blanketi langu la shule, lile la kijivu, akaliweka kwenye kochi, akaenda zake kukoleza makaa.

Vifaranga kumi na saba walitoka siku ya pili yake, shingo tupu na hasira zao zote, na leo wanamfukuza mchongaji uani. Lakini ninachokikumbuka ni ile Ijumaa jioni. Mama aliizima balbu mpya ya sebuleni mara tu mulika mwizi ilipowaka. Tukakaa, mimi kwenye kochi na yeye kwenye kigoda kando ya sanduku, na mwanga mwekundu ukitokea kwenye nyufa za mbao. Akaniashiria nisogee. Nikatega sikio. Ndani ya mayai kulikuwa na sauti ndogo zinaitana.

"Walianza jana usiku, watu wote waliporudi kwao," akasema. "Nilifurahi sana. Nikageuka nimwambie mtu."

Akayageuza mayai moja moja, ingawa saa ya kuyageuza ilikuwa bado.

"Basi hata sasa si mbaya," akasema. "Sikiliza."